Nasaba na Ardhi: Ukoo wa Delamere kutoka Vale Royal hadi Soysambu

Utangulizi

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa nasaba ni nini. Habari za Pate, ambazo zimetufikia katika nakala kadhaa zinazotofautiana, zinapanga masultani wa Nabahani mmoja baada ya mwingine, na koo nyingi za upwani huhifadhi silsila zinazoonyesha nani kamzaa nani na nani karithi nini. Wanafunzi wetu wamezoea kuzisoma hati za aina hiyo kwa jicho la uhakiki: huuliza nani aliandika, kwa faida ya nani, na ni majina ya kina nani yaliyoachwa nje. Ni mara chache, hata hivyo, maswali hayo huelekezwa kwa nasaba iliyo karibu nasi zaidi, yaani nasaba ya mabwana wa Kiingereza waliomiliki uwanda wa Njoro, Elementaita na Naivasha.

Makala haya yanafuatilia ukoo mmoja, ukoo wa Delamere, pamoja na ardhi zake, kuanzia Uingereza ya Zama za Kati hadi Bonde la Ufa la karne hii. Lengo si kumsifu wala kumshtaki mtu. Ni kueleza jinsi familia na milki zinavyofuatiliwa katika hati, na kuonyesha kwamba hati zinazotuwezesha kuwajua wenye ardhi kwa majina hadi karne nne nyuma ndizo hizo hizo zinazotuficha waliokaa juu ya ardhi hiyo.

Jina, Cheo na Matatizo Yake

Tatizo la kwanza la mtafiti ni jina lenyewe. Bwana anayejulikana katika historia ya Kenya kama Lodi Delamere hakuzaliwa na jina hilo. Jina la ukoo wake ni Cholmondeley, ambalo huandikwa kwa herufi kumi na mbili na kutamkwa takriban "Chamli". (Mwanafunzi wa fonolojia aliyezoea Kiswahili, ambapo herufi na sauti huelewana vyema, anaruhusiwa kutikisa kichwa.) Delamere ni jina la cheo, nalo linatokana na msitu uliopo katika jimbo la Cheshire, kaskazini magharibi mwa Uingereza. Maana yake ya asili inahusiana na maziwa au vidimbwi vilivyokuwa msituni humo. Ni sadfa tu kwamba mwenye cheo hicho alikuja kuzikwa kando ya ziwa jingine, Elementaita.

Cheo cha Baroni Delamere wa Vale Royal kilitolewa mwaka 1821 kwa Thomas Cholmondeley. Tangu hapo kila mwenye cheo huitwa Lodi Delamere, na hapo ndipo penye mtego. Anayekuta jina "Lord Delamere" katika hati ya ardhi ya Njoro ya 1904, katika mashauri ya Baraza la Kutunga Sheria la miaka ya 1920 na katika gazeti la 1960 atadhani ni mtu mmoja aliyeishi miaka mingi mno. La hasha. Wawili wa kwanza ni mtu mmoja, Hugh Cholmondeley, Baroni wa tatu, aliyezaliwa 1870 na kufa 1931. Wa 1960 ni mwanawe, Thomas, Baroni wa nne, aliyezaliwa 1900 na kufa 1979. Aidha, Hugh na Thomas ni majina yanayorudiwarudiwa katika ukoo huo, babu kwa mjukuu, kama ilivyo desturi ya kurithisha majina miongoni mwa Wakikuyu. Kwa hiyo mtafiti hulazimika kuandika tarehe pembeni mwa kila jina kabla ya kuendelea mbele.

Vale Royal: Ardhi ya Watawa

Vale Royal, mahali panapotajwa katika cheo, palikuwa abasia. Mfalme Edward wa Kwanza aliweka nadhiri ya kujenga nyumba ya watawa baada ya kunusurika dhoruba baharini. Watawa wa shirika la Citeaux walianzia Darnhall, kisha wakahamishiwa Vale Royal, ambako mfalme mwenyewe aliweka jiwe la msingi mwaka 1277. Kanisa lilikusudiwa kuwa kubwa kuliko yote ya shirika hilo nchini Uingereza, lakini fedha za mfalme zilielekezwa kwenye vita vyake na kazi haikukamilika jinsi ilivyokusudiwa.

Ili waishi, watawa walipewa vijiji na watu waliokuwamo. Hapa neno "kupewa" lisipitwe haraka. Wakulima wa Darnhall na Over walijikuta wakihesabiwa kuwa watwana wa abati. Mtwana wa namna hiyo hakuuzwa sokoni kama mtumwa, ila alifungwa kwenye ardhi: hakuweza kuhama bila ruhusa, alidaiwa kazi na malipo ya kila namna, na hata kumwoza binti yake kulihitaji idhini ya bwana. Wakulima hao walidai kwamba kabla ya kuja kwa watawa walikuwa watu huru. Katika miaka ya 1330 walikataa amri za abati, na mwaka 1336 baadhi yao wakafunga safari kumfuata mfalme, wakati huo Edward wa Tatu, wakapeleke malalamiko yao. Mwaka huo huo walimvamia abati njiani, mbali na Cheshire, na mtumishi wake mmoja akauawa. Waliishia kukamatwa na kurudishwa chini ya mamlaka ya abasia. Abati Peter, aliyekuwa akipambana nao, aliuawa mwaka 1339.

Habari hizi tunazijua kutoka kitabu cha kumbukumbu kilichotungwa na watawa wenyewe. Ndani yake wakulima wanatajwa kwa sababu wameshtakiwa. Laiti wangalikaa kimya na kulipa, pengine tusingalijua hata jina moja. Jambo hili lisisahauliwe, kwa maana litarudi tutakapofika Bonde la Ufa.

Mfalme Henry wa Nane alipozivunja abasia zote, Vale Royal ilifungwa mwaka 1538 na kuangukia mikononi mwa Thomas Holcroft, mtumishi wa mfalme, aliyebomoa kanisa na kujenga jumba la makazi kutokana na majengo yaliyobaki. Mwanzoni mwa karne ya 17, Mary Cholmondeley, mjane tajiri na hodari wa kesi za mali, akainunua milki hiyo, akaiacha kwa mmoja wa wanawe, Thomas. Kutoka kwa huyo Thomas ndipo mstari unaposhuka hadi kwa Baroni wa kwanza, kisha wa pili, kisha Hugh, aliyerithi mwaka 1887 akiwa na umri wa miaka 17.

Inafaa kuangalia jinsi mstari huu ulivyodumu. Sheria ya urithi ya makabaila wa Uingereza ilimpa mwana wa kwanza wa kiume cheo na sehemu kubwa ya ardhi, huku wadogo zake wakitafuta riziki jeshini, kanisani au ng'ambo. Ardhi haikugawanywa, kwa hiyo haikupungua. Jamii nyingi za Afrika Mashariki zilikuwa na mantiki tofauti, ambapo ardhi au malisho yalihesabiwa kuwa ya ukoo na mtu alikuwa na haki ya kuyatumia kwa kuwa ni mmoja wao. Mifumo hii miwili ilipokutana Njoro, mmoja tu ndio uliokuwa na karatasi.

Ekari 100,000 za Njoro

Hugh Cholmondeley alianza kuja Afrika kuwinda, upande wa Somalia, katika miaka ya 1890. Safari iliyobadilisha maisha yake ilianzia Berbera, ikapitia Uhabeshi, na kumfikisha nyanda za juu za Laikipia mwishoni mwa 1897. Mwaka 1899 alimwoa Florence Cole, binti wa Kabaila wa Enniskillen kutoka Ireland, na mwanzoni mwa 1903 wakaja kukaa. Reli ilikuwa imefika ziwa Viktoria mwaka mmoja hivi uliotangulia, na serikali ilikuwa ikitafuta watu wa kuzalisha shehena ya kulipia gharama zake.

Maombi yake ya kwanza ya ardhi yalikataliwa. Moja lilihusu eneo lililo mbali mno na reli, jingine likagusa malisho ya Wamaasai upande wa Naivasha. Ombi lililokubaliwa ni la Njoro: ekari 100,000, yaani zaidi ya hekta 40,000, kwa mkataba wa upangaji wa miaka 99. Kodi ilikuwa pauni 200 kwa mwaka, pamoja na sharti la kutumia pauni 5,000 kuiendeleza ardhi katika miaka mitano ya kwanza. Kwa kuwa pauni moja ya wakati huo ilikuwa na peni 240, kila ekari ililipiwa chini ya nusu peni kwa mwaka. Shamba likaitwa Equator Ranch kwa kuwa mstari wa ikweta ulipita karibu.

Uhalali wa mkataba huo ulitokana na Sheria ya Ardhi za Mfalme ya 1902, iliyomruhusu Kamishna kuuza au kupangisha ardhi iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe. Neno "tupu", lililokuwa likitumiwa sana na maafisa, lilitegemea ni siku gani afisa alipita. Mfugaji anayehama kwa majira huacha mahali pakiwa patupu kwa miezi, kama vile mwenye nyumba anavyoiacha tupu mchana akiwa kazini.

Lakini Njoro ilikuwa na siri. Wamaasai walikuwa wakiepuka kulisha mifugo huko kwa muda mrefu, na Delamere hakuuliza vya kutosha. Aliagiza kondoo wa Merino kutoka New Zealand na madume ya ng'ombe kutoka Uingereza. Kondoo wakadhoofika na kufa kwa wingi katikati ya majani mengi, na ng'ombe wakaangamia kwa ndigana na magonjwa mengine. Baadaye sana wataalamu waligundua kwamba udongo wa sehemu hizo umepungukiwa madini, hasa kobalti, kiasi kwamba ugonjwa huo wa kudhoofika ukaingia katika vitabu vya mifugo kwa jina linalotokana na Nakuru. Maarifa ambayo wafugaji walikuwa nayo bila maabara yaligharimu familia ya Cheshire mali nyingi.

Akageukia ngano. Kutu ikaila. Akamwajiri mtaalamu wa kuzalisha mbegu, akaanzisha kinu cha Unga mwaka 1908, na kazi ya kutafuta mbegu zinazohimili kutu ikaendelea hadi kuanzishwa kwa kituo cha serikali cha uzalishaji mimea hapo Njoro mwaka 1927. Haya ni mafanikio ya kweli na hayafai kupuuzwa. Mkate unaoliwa Kenya una mizizi yake katika hasara hizo.

Fedha za majaribio yote hayo zilitoka wapi? Jibu limo katika hati za Cheshire, wala si za Nairobi. Mali ya Vale Royal iliwekwa rehani ili Njoro iendelee, na jumba lenyewe likapangishwa kwa mtu mwingine. Ardhi ambayo watwana wa Darnhall waliitolea jasho ikawa dhamana ya mikopo ya kununulia kondoo wa Njoro. Baroni wa tatu alipofariki mwaka 1931 aliacha madeni makubwa, na mwaka 1947 mwanawe aliliuza jumba la Vale Royal kwa kampuni ya kemikali ya ICI. Tangu wakati huo kitovu cha ukoo hakikuwa tena Uingereza.

Waliohamishwa

Mwaka 1904, serikali ya Uingereza na viongozi wa Wamaasai, akiwemo laibon Olonana, walitia saini mkataba uliowatoa Wamaasai katika Bonde la Ufa, yaani Naivasha, Nakuru na viunga vyake, na kuwagawa katika hifadhi mbili, moja Laikipia upande wa kaskazini na nyingine kusini mwa reli. Mkataba ulisema mpango huo ungedumu maadamu Wamaasai kama kabila watakuwapo. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 mkataba wa pili ukaamuru walioko Laikipia wahamie kusini, na nyanda za Laikipia zikafunguliwa kwa walowezi.

Kundi la Wamaasai, chini ya uongozi wa Parsaloi ole Gilisho, lilikataa. Walitafuta mawakili wakafungua kesi, inayojulikana kwa jina la mdai wake wa kwanza kuwa kesi ya Ole Njogo. Mahakama iliitupa mwaka 1913 kwa hoja ambayo hata leo huwashangaza wanafunzi wa sheria: kwamba mikataba ya 1904 na 1911 ilikuwa baina ya Mfalme na watu wa taifa jingine, kwa hiyo mahakama za koloni hazikuwa na uwezo wa kuisimamia. Kwa ajili ya kutawaliwa, Wamaasai walikuwa raia wa chini ya Mfalme, na kwa ajili ya kudai haki, walikuwa wageni.

Anayekumbuka safari ya wakulima wa Darnhall ya 1336 ataona mfanano, na pia tofauti. Wote walimfuata mtawala kwa njia iliyokubaliwa, wote walishindwa, na majina ya viongozi wao yamebaki kwa sababu kushindwa kwao kuliandikwa. Tofauti ni kwamba wakulima walifungwa kwenye ardhi, Wamaasai wakafungiwa nje yake.

Delamere mwenyewe alikuwa na uhusiano usio rahisi kuuainisha. Alijifunza Kimaasai, alikaa usiku akizungumza na wazee, na wachungaji wake wengi walikuwa Wamaasai. Mapenzi hayo hayakumzuia kupigania, ndani na nje ya Baraza, nyanda za juu ziwe za Wazungu peke yao. Wasifu wake mkubwa, uliotungwa na Elspeth Huxley na kutolewa kwa juzuu mbili mwaka 1935, unayasimulia yote mawili bila kuona ukinzani. Msomaji wa leo hana budi kuuona.

Soysambu na Ukwe wa Cole

Baada ya Njoro kumshinda kwa mifugo, Delamere alihamia kando ya Elementaita, kwenye ardhi iliyokuwa malisho ya Wamaasai kabla ya 1904. Hapo ndipo ilipozaliwa Soysambu, iliyofikia karibu ekari 50,000. Jina ni la Kimaasai na humaanisha jiwe lenye mabaka. Hali kadhalika Elementaita ni mahali pa vumbi, na Njoro ni chemchemi. Majina yalibaki pale wenyewe walipohamishwa, na kwa hiyo ramani ya eneo hili ni hati ya umiliki ya aina yake, ingawa haikubaliwi katika ofisi yoyote ya ardhi.

Jirani wa Delamere alikuwa shemeji yake. Ndugu wawili wa Florence, Galbraith na Berkeley Cole, walikuwa wana wadogo wa kabaila. Kwa desturi iliyotajwa hapo juu hawakutarajia kurithi, wakaja Kenya. Galbraith alipata shamba la Kekopey upande wa pili wa ziwa. Kwa muda, basi, pwani ya ziwa dogo la magadi ilikuwa imezungukwa na familia moja. Ramani inayoonyesha majina ya wenye mashamba bila kuonyesha ndoa haimwambii mtafiti jambo hili. Ni nasaba inayolifichua.

Mwaka 1911 Galbraith Cole alimpiga risasi na kumuua Mwafrika aliyemshuku kumwibia kondoo. Baraza la wazee wa mahakama, Wazungu watupu, lilimwachilia. Serikali ikaona aibu na kumfukuza nchini, ingawa aliruhusiwa kurejea miaka michache baadaye. Alikufa 1929.

Kifagio

Mashamba haya hayakulimwa na mabaroni. Yalilimwa na kuchungwa na maelfu ya watu, wengi wao Wakikuyu waliotoka mkoa wa kati wakitafuta malisho na mashamba, na wengine Wakalenjin na Wamaasai. Waliitwa maskwota. Sheria ya 1918 iliwahesabu kuwa vibarua badala ya wapangaji, na ikawataka wamfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Wakati huo huo, Sheria ya Ardhi za Mfalme ya 1915 ilikuwa imerefusha mikataba ya walowezi kutoka miaka 99 hadi 999.

Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi katika mashamba hayo, na msamiati wake bado unaishi midomoni mwetu: nyapara, kibarua, kipande, setla, skwota. Ila hakuna neno lenye uzito kama "kifagio". Katika miaka ya 1920 walowezi walipoona mifugo ya maskwota imekuwa mingi kuliko yao, waliwalazimisha kuipunguza au kuiuza kwa bei ya kutupa. Maskwota wakaliita tukio hilo kifagio, kwa kuwa liliwafagia. Tabitha Kanogo, katika utafiti wake wa 1987 juu ya maskwota na chimbuko la Mau Mau, ameonyesha jinsi neno hilo lilivyobeba kumbukumbu ya kizazi kizima. Hati za serikali zinazungumzia udhibiti wa mifugo. Neno moja la Kiswahili linatueleza jinsi udhibiti huo ulivyoonekana ukiwa chini yake.

Je, nasaba ya skwota inaweza kufuatiliwa? Inawezekana kwa shida. Kuna madaftari ya vipande, mikataba ya kazi, rekodi za mahakama ndogo na za misheni. Kuna majina ya marika, ambayo kwa Wamaasai na Wakikuyu yanaweza kulinganishwa na miaka. Zaidi ya yote kuna wazee, na hao hawadumu. Baroni hupatikana katika kitabu kimoja kilichopangwa kwa alfabeti. Skwota hupatikana katika vipande vya karatasi kumi, na aghalabu pale alipokosea, alipokimbia au alipotozwa faini.

Jirani Mwingine kutoka Cheshire

Haitafaa kuondoka Njoro bila kumtaja Maurice Egerton, Baroni wa nne wa Tatton. Tatton ipo Cheshire pia, si mbali na Vale Royal, na iliingia mikononi mwa ukoo wa Egerton mwaka 1598. Maurice alikuja Kenya, akapata maelfu ya ekari Njoro, akajenga kasri la vyumba 52 kati ya 1938 na 1954, na mwaka 1939 akatoa ekari 740 kuanzisha shule ya kilimo kwa vijana wa Kizungu. Shule ikawa chuo, na mwaka 1987 ikawa Chuo Kikuu cha Egerton. Hakuoa wala hakuzaa, na alipofariki 1958 cheo chake kikafa naye. Ilivyo ni kwamba mstari uliokatika ndio ulioacha ardhi mikononi mwa umma, nao uliozaa warithi haukufanya hivyo.

Baada ya 1931

Baroni wa tatu alizikwa Soysambu. Mjane wake wa pili, Gwladys, aliyeolewa 1928, alikuwa meya wa Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1930. Sanamu ya marehemu ilisimama katikati ya jiji, kwenye barabara iliyoitwa kwa jina lake, hadi uhuru ulipokuja. Barabara ikawa ya Kenyatta, na sanamu ikapelekwa Soysambu.

Baroni wa nne alimwoa Diana mwaka 1955, ikiwa ni ndoa ya tatu kwa mume. Diana alijulikana kote duniani kwa sababu ya kesi ya mauaji ya Kabaila wa Erroll ya 1941, ambayo mumewe wa wakati huo aliachiliwa. Kati ya ndoa hizo mbili aliolewa na Gilbert Colvile, mfugaji mkubwa wa Naivasha, ambaye hata baada ya kuachana alimwachia mali yake nyingi alipokufa mwaka 1966. Hivyo ndivyo Ndabibi ilivyosogea karibu na Soysambu, kwa mlango wa talaka na wasia. Watatu hao, Colvile, Diana na Delamere, wamelala pamoja kwenye makaburi ya Ndabibi, na mtafiti anayefika hapo husoma kwenye mawe jambo ambalo ofisi ya ardhi ingemchukua wiki nzima.

Baada ya uhuru familia ilichukua uraia wa Kenya, na uamuzi huo una uzito wa kisheria. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 65, hairuhusu asiye raia kushika ardhi ila kwa upangaji usiozidi miaka 99. Miaka 999 ya 1915 imefutika kwa wageni, lakini kifungu hicho hakimhusu raia, hata awe mjukuu wa baroni.

Swali la ardhi halikuzikwa. Mwaka 2005 mtumishi wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori aliuawa kwa risasi Soysambu, na 2006 mwashi mmoja akauawa humo humo. Mashtaka ya kwanza yaliondolewa. Katika tukio la pili Thomas Cholmondeley, mjukuu wa Baroni wa nne, alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia mwaka 2009. Alifariki 2016. Kuondolewa kwa mashtaka kulifuatiwa na maandamano. Kwingineko, Waogiek wa msitu wa Mau, ulio juu ya Njoro, walishinda kesi yao katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu mwaka 2017, na uamuzi wa fidia ukatolewa 2022. Hati walizotegemea zilikuwa pamoja na masimulizi ya mizinga ya nyuki na mipaka ya koo.

Soysambu iligeuzwa kuwa hifadhi ya wanyamapori mwaka 2007, ikiwa na takriban ekari 48,000, na mwaka 2011 ziwa Elementaita likaingizwa pamoja na Nakuru na Bogoria katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Katika maelezo ya urithi huo wanahesabiwa heroe, korongo na wari. Kondoo wa Merino hawamo, wala wachungaji waliowalisha.